Meno ya Bibi Lieng

Thuy alishuka kwenye pikipiki polepole, kwa adabu ya mtu aliyebeba maiti. Picha alikuwa ameifunga mgongoni kwa kitambaa cheupe na kamba ya katani, na mkewe, Nhan, alikuwa nyuma yake ameshika furushi la vijiti vya ubani na bahasha ya rambirambi.

"Uso wako," Nhan alimnong'oneza. "Unacheka."

"Ndio uso wangu huu. Nilizaliwa nao."

"Basi uelekeze chini, tusije tukafukuzwa."

Hakuwa anamwonea. Thuy alijaliwa mashavu ya mviringo na macho ya kukonyeza, na hata siku ya kumzika baba yake mzazi watu wa mbali walidhani anawasimulia kichekesho. Alitazama chini, akakunja mikono kifuani, wakaingia kwenye ua wa Bwana Quyen, mfanyabiashara wa mbao, mwenye nyumba ya ghorofa tatu ambayo mji mzima wa Yen The uliitumia kuelekezana njia.

Uani, wanaume wawili walikuwa wanamkwangua nguruwe manyoya. Wanawake waliosha majani ya kufungia mikate ya mchele, na mabeseni ya mchele wa kunata yalipangwa ukutani, mmoja umetiwa rangi nyekundu, mwingine zambarau, mwingine manjano.

"Unaona?" Thuy alisema kwa sauti ya chini. "Matanga ya siku mia. Tumewahi."

Nhan alishusha pumzi. Moyo wake ulikuwa umesumbuka tangu dereva wa Bwana Quyen alipowaletea ile picha ndogo kwenye karakana yao ya kutengeneza picha kwa unga wa mawe, akasema tu: "Ya mama yake mzee. Mawe mazuri, iwe ya heshima," akaondoka na gari lake. Ilikuwa picha ya bikizee aliyevaa kitambaa cheusi kichwani na vazi la bluu iliyokolea la kabila la Watay, ametazama mbele moja kwa moja, mdomo umefumbwa, nyuma yake ukuta mtupu. Kila nyumba ya wilaya ya Luc Yen ina picha kama hiyo juu ya madhabahu ya mababu. Nhan alikuwa ametengeneza za namna hiyo nyingi kuliko za farasi na za samaki zikichanganywa pamoja.

Kuuliza hawakuweza. Thuy alitaka, lakini mkewe alimzuia, na sababu yake ilikuwa nzito. Kama mama yu hai, huwezi kumwuliza mwanawe kama amekufa. Na kama amekufa, utaulizaje, nawe ni mtu wa mji mmoja ambaye hakuonekana mazikoni? Miezi michache kabla ya hapo wao walikuwa kwa dada yake Thuy, ng'ambo ya ziwa, wakimsaidia kuezeka nyumba. Bila shaka msiba ulipita wakiwa huko. Basi wakaamua kukaa kimya, wafanye kazi safi, na siku ya kupeleka picha wapeleke na ubani, waombe radhi kwa kuchelewa. Kwa akili ya watu wastaarabu, ule ulikuwa uamuzi mzuri kabisa.

Kwenye ngazi ya nyumba alikaa bikizee mmoja akitafuna tambuu. Thuy aliinama mpaka picha ikamteleza mgongoni.

"Bibi, shikamoo. Tumekuja kutoa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Ya marehemu mama yake Bwana Quyen."

Bikizee aliacha kutafuna. "Amekufa lini?"

"Ndiyo aibu yetu, bibi. Hatukusikia."

"Hata mimi sikusikia," alisema bikizee.

Wakati huo Nhan ndipo alipoinua macho. Uso ule alikuwa amelala nao na kuamka nao mwezi mzima. Alijua mikunjo yake yote. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na baka dogo jeusi, na baka lile yeye mwenyewe alilibandika, punje moja ya jiwe, kwa kibano, akiwa ameziba pumzi.

"Thuy," alisema. "Thuy, twende."

Lakini Thuy alikuwa ameshawasha ubani.

* * *

Bwana Quyen alitoka ndani na shati jeupe na kidevu chenye povu la kunyolea. Alitazama ubani. Alitazama bahasha. Kisha akavuta kitambaa cheupe mwenyewe, na mama yake akatokeza katika fremu nyeusi ya kupakwa vanishi: mashavu ya marumaru na mawe ya rangi ya moshi, nywele za kijivu, na chini yake mayungiyungi mawili meupe ambayo Nhan aliyaongeza bure, kwa huruma.

Mwanamke mmoja pale kwenye mabeseni aliangusha kisu.

"Keshokutwa mama yangu anatimiza miaka themanini," Bwana Quyen alisema, na povu likawa linamdondoka kifuani. "Wanakuja watu wa wilaya. Wanakuja watu wa mkoa! Nimeagiza picha ya furaha, ya kutundika sebuleni, na nyinyi mnaniletea... mnamletea mama yangu mzazi, mlangoni kwake..."

"Bwana mkubwa, picha uliyotupa..." alianza Thuy.

"Unacheka?"

"Sicheki, bwana mkubwa. Kweli ndivyo nilivyo."

"Anacheka! Mwanamume huyu amemletea mama yangu ubani na anacheka!"

Ni Bibi Lieng, maana ndilo jina la huyo marehemu, aliyekuwa anacheka. Alicheka mabega yakamtetemeka, na mkono wake ukapanda haraka kufunika mdomo, kama mtu aliyefundishwa. Kisha alinyoosha mkono wa pili.

"Bahasha niachieni. Rambirambi yangu niipokee mwenyewe, wangapi wanapata bahati hiyo?"

"Mama!"

"Nini? Ukifa wewe, utazipokea?"

Bwana Quyen hakulipa, na hilo walilitarajia. Wasilolitarajia ni njia ya kutokea. Hakuwaruhusu wapite lango la mbele na kitu kile, kisije kikaacha mkosi kizingitini. Waliongozwa nyuma ya nyumba, kwenye zizi la nguruwe, wakainua picha juu ya vichwa vyao na kuvuka mfereji wa maji machafu, na wale wanawake wa majani wakakusanya nguo zao pembeni wasiguswe. Nhan alitembea akiwa ameinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke, na walipofika zizini akaona afadhali isipasuke pale.

"Jioni ya leo," Bwana Quyen alipaza sauti nyuma yao, "soko zima litajua!"

* * *

Alikuwa mkweli, ila soko halikungoja jioni.

Asubuhi iliyofuata, katika uwanja ambako watu wa Luc Yen huketi na meza zao ndogo wakiuza mawe ya yakuti na ya pinki na ya kijani, Nhan alikwenda kutafuta chenga za mawe za kutengenezea picha kama kawaida. Hakutaka kwenda, lakini kujificha ni kukiri. Hakufika hata meza ya pili.

"Shoga, nichoree na mimi!" aliita muuza mawe mmoja mnene aliyeitwa Phuong. "Ila ungoje kwanza nife!"

"Mume wangu anakoroma sana," alisema mwingine. "Ukimtengenezea picha atanyamaza?"

Nhan alicheka nao, maana aliyeanguka topeni akinuna hujipaka zaidi. Lakini mwalimu mmoja aliyekuwa ameagiza picha ya harusi ya bintiye alimvuta kando na kumwambia, kwa upole mwingi, kwamba bibi harusi ana wasiwasi kidogo, si yeye, ni upande wa bwana harusi, Nhan anajua mambo ya watu wazima. Nhan alisema anajua. Alirudi karakana na mfuko mtupu.

Thuy alikuwa amekaa sakafuni akipondaponda mawe kwenye kinu cha chuma, bila haja yoyote.

"Mwalimu ameondoa oda," Nhan alisema.

"Watasahau."

"Watasahau nini? Na yule bibi akipata mafua tu wiki hii? Akijikwaa? Watasema ni sisi. Nani atamleta mama yake kwa watu waliomwua wa mwenzao? Miaka yote hii najenga jina, punje kwa punje, na tumelitia kwenye zizi la nguruwe."

"Nilisema tuulize."

"Ulisema tuulize! Ungeuliza vipi, hebu niambie. Jaribu kwangu. Mimi ndiye Bwana Quyen."

Thuy aliweka mchi chini, akafikiri, akafungua mdomo, akaufunga.

"Hapo sasa," alisema Nhan, na machozi yakamtoka.

Mumewe alimsogelea. Alitaka kumfariji, lakini alijua kwamba akimtazama na uso wake ule itaonekana anamcheka, basi akamkumbatia kwa nyuma. Walikuwa hivyo mlango ulipobishwa.

Alikuwa Bibi Lieng, na mwavuli, na ile bahasha.

"Karibu, bibi," alisema Nhan huku akijifuta kwa kiwiko. "Bibi, unaumwa? Umekuja kwa miguu? Kaa. Thuy, kiti! Usiguse kitu chenye ncha, bibi."

"Niache, mwanangu. Nimekuja kujiangalia."

Walimtolea picha iliyokuwa imefichwa nyuma ya kabati. Akaiweka magotini, akavaa miwani, akajitazama kwa muda mrefu, huku Thuy na Nhan wamesimama kama wanafunzi waliovunja dirisha.

"Nimependeza," alisema hatimaye. "Nimekufa vizuri sana. Hata mayungiyungi nimepata."

"Hayo ni bure, bibi," alisema Thuy. Nhan alimkanyaga.

"Lakini huyu bibi ni nani?" Bibi Lieng aligonga kioo kwa kucha. "Tazama mdomo. Kila nikipigwa picha naambiwa nifumbe. Mwanangu anasema meno yangu yanawatisha wageni. Juzi ameleta daktari wa meno kutoka mkoani, eti ataniwekea meupe. Meupe! Nilimwambia, Quyen, meno meupe anayo hata mbwa wetu."

Alishusha mkono uliokuwa mbele ya mdomo. Meno yake yalikuwa meusi, meusi ya kung'aa, kama mbegu za topetope zilizopakwa mafuta. Na alieleza thamani yake bila kuona haya.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama yangu alinipaka dawa ya kutia meno weusi, ndio urembo wa siku zile, usiku baada ya usiku, midomo ikavimba mpaka nikawa nakunywa uji kwa mrija. Sikutafuna hata punje ya wali. Siku nilipomaliza, nilikwenda mtoni kuchota maji, nikamchekea kijana mmoja ng'ambo. Akavuka bila kukunja suruali." Akapangusa miwani. "Yeye alipenda nicheke. Tangu amekufa sijacheka kutoka moyoni mpaka jana, mlipoleta ubani."

Akaiweka bahasha juu ya meza ya kazi.

"Nitengenezeni ninacheka. Malipo haya hapa, rambirambi yangu mwenyewe. Sherehe ni kesho."

"Kesho?" Nhan alishika kichwa. "Bibi, ile ilitwaa mwezi mzima! Gundi yenyewe inataka kukauka."

"Fanya ndogo. Uso tu. Vazi langu watu wanalijua."

Nhan alitazama picha ya marehemu aliye hai, akatazama mlango ambao mwalimu asingeingia tena. Akafunga nywele zake kwa nguvu.

"Thuy, chekecha zile laini. Zote."

* * *

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba uso ndio unaoua mtu. Farasi ukimkosea mguu, mnunuzi atasema anakimbia. Uso hausamehe. Nhan alichora kwenye karatasi, akaiweka chini ya kioo cha plastiki, akapaka gundi sehemu ndogondogo na kumimina unga wa mawe kwa kijiko chenye mdomo mwembamba, wa rangi ya asali mashavuni, wa rangi ya udongo kwenye mikunjo, kisha akagonga pembeni kwa kidole ili unga utulie.

Shida ikawa ni kicheko. Bibi Lieng aliweza kucheka mara moja, mbili. Mara ya tatu kikawa cha kutengenezwa, na Nhan akakiona na kuweka kijiko chini.

"Hicho cha kumchekea daktari, bibi. Sikitaki."

"Kicheko si maji, mwanangu, siwezi kukifungulia."

"Thuy, kaa mbele yake."

"Nifanye nini?"

"Huzunika. Huzunika kama jana."

Thuy alikunja mikono kifuani, akatazama chini, akatoa pole kwa sauti ya matangani. Bibi Lieng aliangua kicheko kilichosikika mpaka kwa fundi pikipiki. Ilikuwa hivyo siku nzima. Kila kicheko kilipofifia Nhan alisema, "Pole," na mumewe akatoa pole. Uso uliomletea fedheha kila msiba tangu utoto siku ile ulipata kazi, na Thuy, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote kubwa, alijisikia fundi.

Ilipofika zamu ya midomo, Nhan alikwenda kwenye rafu ya juu kabisa na kuteremsha chupa ndogo yenye unga wa yakuti nyekundu. Mama yake alichekecha changarawe mtoni maisha yake yote kwa ajili ya watu wengine, na zile chenga zisizouzika aliruhusiwa kurudi nazo kwenye pindo la sketi. Alikufa bila kupigwa hata picha moja, na Nhan hakuwa amepata uso wa kuziweka chenga zile. Alizimimina kwenye midomo ya Bibi Lieng, na hakujizuia kulia, wala hakuona uchungu.

Meno aliyaacha mwisho. Jiwe jeusi huko ni takataka ya machimbo; watu hujazia mashimo ya barabara. Nhan hakulisaga. Alichagua vipande vyenye uso bapa, akaviinamisha kimoja kimoja kwa kibano mpaka kila kimoja kikashika nuru ya dirisha.

* * *

Keshoye Bwana Quyen aliwaona langoni, la mbele safari hii, na uso ukamwiva. Lakini mama yake, ndani ya vazi jekundu la miaka themanini, alikuwa ameshika mkono wa Nhan, na mbele ya watu wa wilaya na wa mkoa mtu hagombani na mama yake.

"Hawa ni wageni wangu," alisema Bibi Lieng. "Nimewaalika kwa pesa ya msiba wangu."

Kitambaa kilikuwa chekundu safari hii. Alikivuta mwenyewe.

Ukumbi mzima vikombe vya pombe ya mahindi vilisimama hewani. Pale mezani Bibi Lieng wa mawe alicheka na dunia nzima, macho yamezama kwenye mikunjo, midomo ya yakuti imefunguka, na katikati meno, meusi kuliko kitu chochote chumbani, yakimeta kila mtu aliposogea. Nhan alimtazama Bwana Quyen, na Bwana Quyen alitazama yale meno.

"Mama," alianza. "Mbele ya wageni..."

"Uongo mtupu!" Bikizee mmoja wa meza ya nyuma alikuwa amesimama na fimbo. "Meno ya Lieng hayajawahi kuwa meusi hivyo! Yangu ndiyo yalikuwa meusi, uliza kijiji kizima!" Naye akafunua mdomo kuonyesha ushahidi.

"Yako yalikuwa kahawia," Bibi Lieng alimjibu. Akacheka, na mkono wake ukabaki chini, mahali pake.

Mgeni wa mkoa, mtu mzima mwenye tai, alicheka, kisha akatoa leso. "Mama yangu alikuwa nayo hivyohivyo," alisema. "Tulimzika na picha aliyofumba mdomo."

Bwana Quyen alisogea kwenye picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye mawe. Aliporudi kwa Nhan hakuwa mfanyabiashara wa mbao tena, alikuwa mtoto wa mtu.

"Ni jiwe gani?" aliuliza.

"Jeusi tu, bwana mkubwa. La kujazia barabara."

"Linafifia?"

"Halifi... halififii, bwana mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akamwita dereva. "Ondoa ile saa kubwa. Itundikwe pale, katikati, mtu akiingia aione."

Kisha, bila kumtazama Thuy, akamwekea kikombe cha pombe mkononi. "Na wewe acha kucheka," alisema, naye mwenyewe alikuwa anacheka.

* * *

Wiki ile karakana haikupata pa kuweka viti. Mabikizee walikuja kutoka pande zote za Luc Yen, kwa miguu na kwa pikipiki za wajukuu, wakakaa midomo wazi wakibishana nani mweusi zaidi, na Thuy akawatolea pole mmoja baada ya mwingine mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu naye alirudi, upande wa bwana harusi ulikuwa umetulia. Siku hizi mtu akileta picha, Thuy huuliza pale pale mlangoni, bila haya: "Samahani, mwenyewe yu hai?" Aghalabu hujibiwa na mwenyewe, kutoka nyuma, "Njoo nikufinye uone!"

Ile ya kwanza, ya fremu nyeusi, Bwana Quyen alitaka ivunjwe. Mama yake alikataa. Kazi nzuri haitupwi, alisema, na siku moja itatakiwa. Ila ikae kwa Nhan. Kwa hiyo iko nyuma ya kabati, na kila siku ya soko Bibi Lieng hupita, huitoa mwenyewe, huipangusa vumbi kwa mkono wa vazi lake, kisha humtazama yule bibi aliyefumba mdomo na kumwonyesha meno yote.

"Ningoje," humwambia, na kwenda zake kununua tambuu.